Tela la hema, hema la juu ya gari au hema la chini: ununue lipi?

Kabla hujatoa hela, jibu swali moja: mkifika kambini mnalala usiku mmoja mnahama, au mnakaa siku tatu palepale? Nimelala kwenye yote matatu, na swali hilo linaamua kuliko bei.

1. Hema la chini. Kwa wanaotoka mara mbili tatu kwa mwaka, bado naliweka la kwanza. Linaingia kwenye buti ya gari lolote, na asubuhi unaliacha limesimama mkienda kuangalia wanyama. Lile la "watu wanne" ni la watu wanne wasiogeuka usiku, kwa hiyo ongeza nafasi ya wawili. Vigingi vya kiwandani hupinda. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie vya nondo.

2. Hema la juu ya gari. Hili ni la wahamaji. Unafika jioni, unafungua, godoro liko tayari ndani. Ya Afrika Kusini, kama Eezi-Awn na Howling Moon, yametengenezwa kwa barabara zinazofanana na zetu. Ila mengi yana uzito wa kilo 50 hadi 80, na hapo hujahesabu keria. Soma kitabu cha gari uone paa linaruhusiwa kubeba kiasi gani likiwa barabarani. Likiwa limesimama hubeba zaidi, ndiyo maana mnaweza kulala juu yake.

Shida yake utaiona alfajiri. Ukitaka kuwahi simba, lazima kwanza ukunje chumba. Na usiku? Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi inauma kwelikweli. Saa nane mwanangu akataka kwenda chooni. Nikamulika tochi chini kabla ya kugusa ngazi: macho mawili ya kijani yakanitazama. Tulisubiri fisi aondoke, mtoto akiwa amebana miguu.

3. Tela la hema. Limekunjwa ni boksi la magurudumu mawili; likifunguliwa ni nyumba yenye vitanda na jiko. Linafaa familia inayokaa wiki nzima mahali pamoja, mathalani pwani ya Pangani, maana gari linabaki huru. Lakini liburute huko Serengeti, kutoka geti la Naabi hadi Seronera, kwenye vile viwimbi vya barabara, ndipo utajua bei ya beringi. Tena kuta ni turubai tu. Marekani, yalikozoeleka, kambi ya Fishing Bridge huko Yellowstone haipokei kitu chenye kuta za turubai kwa sababu ya dubu.

Adui mkubwa ni unyevu. Niliazima moja, nikalikunja likiwa limelowa, nikachoka kulifungua nilipofika nyumbani. Baada ya siku nne lilikuwa na madoa meusi ya kuvu hadi kwenye godoro, nami nikabaki na aibu ya kulirudisha.

Ukinunua tela la mtumba, lifungue mwenyewe, ingia, funga zipu zote, uvute pumzi: harufu ya kuvu haifichiki. Bonyeza pembe za sakafu kwa kidole gumba. Inua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe. Likikwaruza, beringi imekwisha. Uliza kama rimu zinaingiliana na za gari lako, ili spea iwe moja. Muuzaji akisema "leo halifunguki, fundi hayupo", rudi siku fundi akiwepo.