Nilivyonunua GR Yaris bila kulipa cha juu

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza, na nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo lililoniokoa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kambi zinapumzika, mzigo unaadimika na bei inaruka. Giza likirudi, bei inashuka. Ukiwa na mzigo ghalani huna haja ya kununua mbalamwezi. Nilikuwa nalijua hilo kwa dagaa, lakini kwenye gari nusura nilisahau.

Gari lenyewe ni Toyota GR Yaris. Lilitoka 2020, likatengenezwa kwa ajili ya kukidhi masharti ya mbio za dunia za rali. Injini ni ya lita 1.6, silinda tatu na turbo, nguvu farasi 272 kwa toleo la Japani, gia sita za mkono, na linavuta magurudumu yote manne. Sisi tuliokulia kusimama kando ya barabara ya vumbi kusubiri Subaru za rali zipite, gari kama hili linatuingia moyoni.

Mwaka 2023 dalali mmoja wa hapa mjini alinionyesha picha ya jeupe la 2021, akasema lipo bandarini Dar. "Kaka, gari hii Kanda ya Ziwa nzima haipo. Milioni mia hamsini na tano, na kuna mzee wa Geita anakuja kesho na keshi mkononi." Hela ilikuwepo. Nilimwomba usiku mmoja tu, nikarudi nyumbani nikafungua daftari la mzigo.

Nawasihi mfanye hesabu hii kabla hamjaongea na mtu yeyote. Forodha ni 25% ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na meli hadi Dar. Juu yake unaweka ushuru wa bidhaa 5%, kwa sababu injini ni cc 1,618. Ingezidi 2,000 ingekuwa 10%. Jumla hiyo yote unaipiga VAT ya 18%. Kwa kila shilingi 100 za CIF kodi ni kama 55, na ukiongeza tozo ndogo ya reli na ya forodha unafika 57 hivi. Gari lililozidi miaka kumi linabebeshwa pia 30% ya uchakavu. Jamaa yangu aliyeagiza Impreza ya 2008 alishangaa kodi inalingana na bei ya gari, na hakuna aliyemwibia, hesabu ndivyo ilivyo. Kwa hiyo gari la karibuni lenye injini ndogo, hata kama bei yake Japani ni kubwa, serikalini linapita vizuri zaidi kuliko mnavyodhani. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao, kitumieni.

Nilipomaliza kuandika nikaona bei ya dalali ina cha juu kisichopungua milioni 40. Asubuhi nikamwambia hapana. Alinuna, na mzee wa Geita sikumsikia tena.

Nikasubiri. Mapema 2024 Toyota wakatangaza toleo lililoboreshwa, nguvu farasi 304, na kwa mara ya kwanza hili la turbo unaweza kulipata na gia otomatiki, nane. Macho ya watu yakahamia huko, na kwenye orodha za minada nikaanza kuona ya 2021 na 2022 yakiongezeka kila wiki. Halafu Julai yeni ikaanguka hadi dola moja ikawa zaidi ya yeni 160. Hilo ndilo lilikuwa giza langu.

Nilipitia wakala wa Dar anayenunua moja kwa moja kwenye minada ya Japani. Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini ni kwamba alinitumia karatasi ya mnada yenyewe bila kusubiri niiombe, pamoja na tafsiri. Ile karatasi ina mchoro wa gari na herufi: A1 ni mkwaruzo mdogo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari la mchezo ukiona W au XX nyingi mbele, liache, lilishagonga mahali. Na daraja likiandikwa R, yaani lilishagonga likatengenezwa, liache pia, hata kama picha inang'aa.

Kikomo changu kilikuwa yeni milioni 3 na laki 5. Nilikosa magari manne kwa kikomo hicho, moja kwa yeni elfu thelathini tu, na liliniuma sana. La tano nikalipata kwa milioni 3 na laki 4: la 2022, kilomita 9,000, daraja la 5, A1 mbili basi. Lilipofika Dar lilikuwa limenigharimu kama shilingi milioni 63 na nusu. Kodi ilikuwa milioni 38, maana TRA walikadiria thamani juu kidogo ya yangu. Bandari, usajili na bima ikawa milioni 4 na nusu. Jumla milioni 106.

Malalamiko yangu yako kwa mtu wa kutoa mzigo bandarini. Ankara yake ya kwanza ilikuwa na mstari ulioandikwa "mengineyo", milioni 1.8. Nilimwomba aniandikie mengineyo ni nini, kimoja kimoja. Siku ya pili akaleta ankara nyingine, mstari haupo. Lakini nyaraka alizichelewesha, na siku za kulipia hifadhi nilizibeba mimi.

Nilipolifikisha Mwanza, fundi rangi wa Mkuyuni alichukua sumaku kutafuta puti, ile rojo ya kuzibia mabonde kabla ya rangi, ambayo sumaku hainati juu yake. Akaiweka kwenye boneti, ikadondoka. Mlangoni, ikadondoka. Akanitazama kwa huruma, "Bosi, wamekupiga, hili limejazwa puti mwili mzima." Nikamwonyesha kizingiti cha mlango, sumaku ikanata pale pale. Boneti, milango na mlango wa nyuma ni vya alumini, na paa ni nyuzi za kaboni. Basi ukinunua hili mkononi mwa mtu, sumaku haitakusaidia. Tafuta kipimo cha unene wa rangi, au shikilia karatasi ya mnada.

Kuliendesha ni raha ambayo sikuwahi kuipata. Nikitoka Usagara kwenda daraja jipya la Kigongo–Busisi, nikiwa ndani ya 80 na tochi zote za trafiki, gia ya tatu inavuta mpaka mgongo unakandamizwa kitini. Ila viti vya nyuma ni vya watoto, tena wadogo. Matuta ya Igoma unayapanda upande mmoja kwanza, polepole, la sivyo bampa inakwaruza. Tairi ni nyembamba ubavuni, 225/40 rimu 18, na shimo moja la Buhongwa lilinipasulia moja. Nilingoja siku tisa nyingine ije kutoka Dar. Sasa naweka mbili stoo, pamoja na pedi za breki na oili ya 0W-20.