Bustani ya Kew katika majira ya baridi

Wengi huizuru Bustani ya Kew, magharibi mwa London, wakati wa kiangazi, lakini mimi naipendekeza kwa moyo wote katika miezi ya Januari na Februari, kwa kuwa miti ikishapukutisha majani ndipo umbo la matawi na rangi ya magome huonekana waziwazi, huku maua madogo meupe yakichomoza ardhini kabla baridi haijaisha.

Raha kubwa zaidi imo ndani ya Palm House, jengo la chuma na vioo lililokamilika mwaka 1848. Ukifungua mlango, joto lenye unyevunyevu hukupokea, miwani huingia ukungu papo hapo, na mbele yako imesimama migomba na mikakao. Humo pia umo mmea wa Encephalartos altensteinii, unaofanana na mtende, ulioletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1775, ambao ungali hai chunguni. Kwetu sisi tuliokulia penye joto, hiyo ni burudani isiyo na kifani.

Temperate House, jengo jingine la vioo bustanini humo, lililofunguliwa upya mwaka 2018, lina ubaridi kidogo, hivyo usivue koti. Fika asubuhi, kwani bustani hufungwa mapema msimu huo, na uvae viatu visivyopitisha maji.