Cherehani ya ngozi: ipi ununue kwanza, na zana gani zitangulie

"Shikamoo, fundi. Nataka cherehani ya ngozi, ninunue ipi?" Swali hili hunifikia zaidi hela za mavuno zinapoanza kuzunguka Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nami kabla ya kujibu huuliza: unataka kushona nini? Mkanda wa suruali una unene wa milimita 3 mpaka 4. Pochi ni vipande vyembamba vya milimita 1 hivi. Begi lina sehemu ya tabaka mbili, sehemu ya tabaka nne, na kwenye kona zinafika sita. Kiatu ni habari nyingine, kwa sababu mkono wa cherehani lazima uingie ndani yake. Hakuna cherehani moja inayoweza yote hayo vizuri. Muuzaji akikwambia ipo, mwombe aishonee ngozi mbele yako.

Mpangilio ninaoutoa hapa ni wa mtu anayeanza kutengeneza mikoba, pochi na mikanda akiwa na mtaji mdogo. Ndivyo ningenunua mimi kama ningeanza leo.

Namba moja: zana za mkono

Wengi hukunja uso nikisema hivi, maana walikuja kuuliza mashine. Lakini mshono wa mkono wa sindano mbili una nguvu kuliko mshono wa cherehani yoyote. Cherehani ina uzi wa juu na uzi wa chini vinavyonasana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mshono huanza kuachia. Kwa mkono unatumia uzi mmoja wenye sindano kila ncha, na kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili. Ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado umeshika. Ndiyo maana hata fundi mwenye mashine nzuri hushona kwa mkono mahali mpini wa begi unapobebea uzito.

Nunua hivi: sindano mbili zenye ncha butu (tundu linatobolewa kabla, sindano kazi yake ni kupita tu), msharasi wa kutobolea wenye ncha iliyobapa kidogo, uma wa kutobolea wenye meno yaliyoachana milimita 4, uzi wa poliesta wa milimita 0.8 uliopakwa nta, na donge la nta ya nyuki. Ukipata uma wa meno manne na mwingine wa meno mawili, huo wa pili utakusaidia kwenye kona. Uzi kata mara nne ya urefu wa mshono. Mshono wa sentimita 30 unataka uzi wa mita 1.2, na ngozi ikiwa nene ongeza.

Kisha kisu. Hapa usibane hela. Kisu kizuri chenye chuma kinachoshika makali, pamoja na jiwe la kunolea na kipande cha ngozi cha kusugulia makali, vitakupa kazi safi kuliko chochote kingine mezani kwako. Kisu butu huvuta ngozi, ukingo unatoka umepinda, na ukingo uliopinda haurekebishwi na mshono hata uwe mzuri namna gani. Kama hela haitoshi, anza na kisu cha nyembe za kuvunja na rula ya chuma, ubadilishe wembe mara kwa mara. Kupunguza unene wa ukingo kabla ya kukunja ndiyo kazi inayohitaji kisu cha kweli.

Vingine usinunue, tengenezesha. Kibano cha kushika ngozi kati ya magoti, seremala yeyote anakitengeneza kwa mbao mbili za paina za Mafinga na boliti moja. Midomo yake ipake gundi na ubandike ngozi laini ili isiache alama. Nyundo ya kugongea uma iwe ya mbao ngumu au plastiki nzito, kwa sababu nyundo ya chuma huponda vichwa vya zana. Chini ya ngozi unapotoboa weka ubao laini. Ukitobolea juu ya sakafu ya saruji, meno ya uma yanakwisha siku hiyohiyo.

Jambo moja kuhusu ngozi yenyewe. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ni ngumu kiasi na ukingo wake hung'aa ukiulowesha na kuusugua kwa kipande cha mti. Ngozi laini ya kemikali ya kromu haing'ai hivyo. Sisi huku tunayajua magome hayo: ni ya miwati, miti iliyopandwa Njombe na kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa mwaka 1949. Ila ngozi ya magome ikiwa na maji na ikaguswa na chuma kitupu, huacha doa jeusi lisilotoka. Ukiilowesha, ondoa mezani koleo, rula na misumari.

Namba mbili: cherehani ya mguu unaotembea

Ukishapata oda za kutosha, hii ndiyo mashine ya kuwekea akiba. Cherehani ya kawaida husukuma kitambaa kwa meno ya chini peke yake. Ngozi ya juu inanata kwenye mguu (kile chuma kinachoikandamiza), ya chini inakwenda, na mwishoni tabaka hazilingani. Kwenye cherehani hii, meno ya chini, sindano na mguu wa ndani vinasogea pamoja, hivyo tabaka zote zinakwenda kwa hatua moja. Juki DNU-1541 ni mfano unaojulikana, na zipo za Kichina zilizojengwa kwa mtindo huohuo. Nyingi utakazokutana nazo zimeshatumika, na hilo si baya.

Namna ya kuijua ni rahisi. Inua mguu, zungusha gurudumu kwa mkono, utazame sindano. Kama inashuka na kupanda tu mahali pamoja, si yenyewe. Ikisogea mbele na nyuma pamoja na mguu wa ndani, ndiyo.

Nenda dukani na vipande viwili vya ngozi yako vya sentimita 30, vyenye ncha zilizolingana sawasawa. Vishone bila kuvibandika gundi. Ncha za mwisho zikiwa bado zimelingana, mashine inasukuma vizuri. Geuza utazame upande wa chini: uzi uwe umekaza, usiwe na vitanzi. Halafu shika nondo ya sindano uitikise. Ikicheza, imechakaa. Uliza namba ya aina ya sindano (kwa Juki niliyoitaja ni 135x17) na uhakikishe unaweza kuzipata bila kusubiri wiki mbili.

Usitoe hela kabla ya kusoma kibao cha mota. Umeme wetu ni volti 230. Mashine zilizotoka Japani mara nyingine zina mota ya volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani inaungua. Nyingine zilitoka viwandani na mota za fezi tatu, volti 380, wakati nyumba nyingi zina fezi moja. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa lakini ukabaki nayo kama meza. Ukilazimika kubadilisha mota, weka ya servo. Mota ya zamani ya klachi huzunguka muda wote hata usiposhona, na uniti za LUKU zinakwenda. Servo huzunguka unapokanyaga tu, na unaipunguza kasi mpaka tundu mojamoja. Kwenye ngozi kasi ndogo ni ya lazima, kwa sababu tundu ulilokosea halifutiki.

Namba tatu: cherehani ya viatu ya kuzungusha kwa mkono

Ile ya chuma cha kusubu, yenye mkono mrefu mwembamba. Kwa fundi viatu ningeiweka ya kwanza. Haitaki umeme, mguu wake unazunguka pande zote, unashona kuelekea popote bila kugeuza kiatu. Kwa mikoba inafaa kuweka viraka na kubadilisha zipu tu. Bobini yake ni ndogo, uzi unakwisha upesi, meno ya mguu huacha alama juu ya ngozi, na mshono wa chini hautoki mzuri sana. Ikiwa mpya huja na mafuta mazito na kingo kali za chuma zinazokata uzi. Ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, upitishe msasa laini kila uzi unapogusa, ndipo uihukumu.

Namba nne: cherehani nyeusi ya kukanyaga

Butterfly au Singer, ambayo pengine iko nyumbani kwa mama au bibi. Kama ipo tayari, itumie. Inaweza ngozi laini, tabaka mbili zisizozidi milimita 2 zikiwa pamoja, kwa uzi wa naili namba 69 (vifurushi vingine huandika Tex 70) na sindano ya ngozi namba 16 au 18. Ikikwama usikanyage kwa nguvu, zungusha gurudumu kwa mkono. Kuinunua mahsusi kwa ajili ya ngozi sikushauri.

Zinazobaki

Cherehani ya kiwandani ya nguo, ile ya kasi, ndiyo iliyoniumiza. Niliuziwa nikiambiwa "hii inashona chochote". Kwenye pochi ilikwenda. Kwenye mabegi ya oda yangu ya kwanza kubwa, ngozi ya juu ilibaki nyuma karibu sentimita nzima kwenye kila mshono mrefu. Nilifumua, matundu yakabaki yanaonekana, na ile ngozi yote ikawa hasara yangu. Mashine haikuwa na kasoro. Ilitengenezwa kwa mashati.

Cherehani ndogo za plastiki za nyumbani, ziache.

Sindano, uzi na safari

Sindano ya ngozi ina ncha inayokata kama kisu kidogo. Kwenye reksini (ngozi ya bandia) tumia sindano ya kawaida, kwa sababu ile inayokata huifanya ichanike kwa mstari. Uzi namba 69 na sindano 18, uzi 92 na sindano 19 au 20, uzi 138 na sindano 22 au 23. Tundu hadi tundu la mshono iwe milimita 3 mpaka 4. Ukiubana sana, matundu yanakaribiana na ngozi inachanika kama stempu.

Ukinunua Kariakoo, kumbuka kuna zaidi ya kilomita 800 na mlima Kitonga katikati. Kichwa kitolewe mezani, mafuta yamwagwe, kifungwe peke yake kwenye sanduku la mbao kikiwa kimelazwa na kujazwa magodoro pembeni. Mota isafiri kando.

Ikishafika, ipe mafuta meupe ya cherehani, si ya kupikia wala ya injini. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za hapa, nta inakuwa ngumu kama jiwe, gundi inachelewa kukauka na mafuta yanakuwa mazito. Weka nta na gundi karibu na joto, ila gundi iwe mbali na moto wazi kwa sababu mvuke wake unawaka. Mashine nayo izungushe kwa mkono dakika moja au mbili kabla ya kukanyaga. Masika ikija, funika kichwa kwa kitambaa kikavu chenye mafuta kidogo, na sindano zilizobaki zitie kwenye kopo lenye mfuniko.