Siku tano Dar bila wali, chapati wala mafuta ya dumu: nilikula wapi

Nimerudi Dodoma juzi kutoka Dar, nilienda semina ya kazini siku tano, na kwa kuwa watu watatu wameshaniuliza kule ulikula nini wakati wewe huli wali, nikaona niandike tu moja kwa moja. Mimi nina miezi nane sasa nakula paleo, yaani nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi kama mihogo na viazi vitamu, korosho, basi. Nafaka sigusi kwa hiyo wali, ugali, chapati, mkate vyote nje. Maharage na kunde nje, karanga nje (karanga nayo ni jamii ya kunde, wengi hawajui), maziwa nje, sukari nje, na yale mafuta ya kupikia ya dumu nje. Nyumbani sina tabu, jiko langu sufuria yangu. Ukisafiri ndo kazi inaanza, maana unakula kwa mkono wa mtu mwingine na hujui mkono huo umetia nini.

Kwenda nilipanda treni ya SGR, nauli 31,000, nikabeba mayai manne ya kuchemsha na maembe mawili dodo ambayo mwezi wa kumi na moja ndo msimu wake. Safari ni kama masaa matatu na nusu hivi, hapo huhitaji hata kununua kitu.

Hoteli tuliyopangiwa na ofisi iko mjini kati, jina naliacha. Chai ya asubuhi ni bufee, na kwa mtu kama mimi meza ile ndefu yote ilikua na vitu viwili tu, tikiti na papai. Vingine ni maandazi, chapati, soseji, maharage ya sosi, jusi ya boksi. Pembeni kuna kaka anakaanga mayai, ana jagi kubwa la mayai yaliyopigwa tayari. Nikamuuliza kaka humu kuna nini, akasema mayai tu dada. Nikauliza tena, na maziwa je? Akasema maziwa kidogo, na unga wa ngano kijiko ili yavimbe vizuri. Nikamwomba anichemshie mayai matatu mazima, akafanya bila kinyongo kabisa, na kuanzia siku ya pili akiniona tu naingia anatumbukiza mayai kwenye maji. Huyo kaka nilimpenda. Ila angalia kilichotokea hapo, swali la kwanza jibu lilikua "mayai tu", na hakua anadanganya, kwake yeye kijiko cha unga sio kitu. Ndo maana nawaambia watu usiulize "kuna nini humu", taja kitu kimoja kimoja kwa jina lake, maziwa yamo? unga umo? sukari imo?

Siku hiyo hiyo mchana nilikosea. Wenzangu wakasema twende mgahawa mmoja pale Posta, una kiyoyozi, menyu ya kung'aa yenye picha, nikaona "samaki wa kuchoma na mboga za majani" nikajua nimefika. Nikamwambia mhudumu wali usilete. Akaja samaki amefunikwa sosi nzito ya kahawia, tamu, unaonja tu unajua hapa kuna sukari na unga wa kuzitishia, na pembeni mchicha uliopikwa kwa karanga. Nikamuuliza mhudumu, dada hii sosi ina nini, akasema ni viungo tu. Nikamwomba akamuulize mpishi, akaenda, akarudi, "ni viungo tu". Nikala ile nyama ya ndani ya samaki ambayo sosi haijafika na nikalipa 32,000. Iliniuma, sio hela tu, iliniuma kwa sababu samaki mwenyewe alikua mzuri, mbichi kabisa, mtu ameenda baharini usiku akamleta halafu anakuja kufichwa chini ya sukari.

Kesho yake nikaamua mchana nitembee mwenyewe hadi Feri. Na hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu hii ndo sehemu ninayoipa nyota zote.

Soko la samaki Feri liko pale Kivukoni karibu na vivuko vya Kigamboni, ukija na mwendokasi unashuka kituo cha mwisho cha Kivukoni unatembea kidogo tu, kutoka Posta hata kwa mguu unafika. Jengo lilijengwa kwa msaada wa Japani likafunguliwa 2002. Utaratibu wake ni huu, unanunua samaki wako mwenyewe, unampeleka kwa vijana wanaopara magamba, halafu unampeleka kwa wanaopika, kila hatua unaiona kwa macho yako, kwa hiyo ule mchezo wa "ni viungo tu" hapa haupo. Vaa viatu vya kufunika vidole, chini kuna maji na magamba muda wote. Nilichukua samaki wawili aina ya changu, macho yanang'aa, mashavu ukifunua ndani mekundu, 14,000 baada ya kupatana. Kupara na kutoa matumbo buku moja.

Upande wa kupika wengi wanakaanga, yale makarai makubwa ya mafuta yanayochemka tangu asubuhi, na hayo ndo siyataki. Nikatafuta mpaka nikampata mama mmoja wa makamo mwenye jiko la mkaa na wavu. Nikamsalimia shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikukaangie? Nikamwambia nataka wa kuchoma mama, na usitie mafuta hata tone. Kijana aliyekua anampulizia mkaa akadakia, bila mafuta atanata huyo, utakula vipande. Mama hakumwangalia hata, akasema kinachomnatisha samaki sio kukosa mafuta, ni haraka.

Nikavuta benchi nikaangalia. Kwanza akamkausha samaki maji kwa kitambaa, ndani na nje, mpaka ngozi ikawa haitelezi. Akamchanja mbavuni mara tatu kila upande, akaponda kitunguu swaumu, tangawizi na chumvi kwenye kinu kidogo cha mbao akajaza kwenye zile chanjo kwa kidole gumba, ndimu akakamulia ndani ya tumbo tu, akasema ngozi ikilowa tena tumefanya kazi bure. Wavu ukawa uko kwenye moto peke yake muda wote huo, mpaka ukaanza kutoa moshi, akaufuta kwa nusu ya kitunguu maji alichokichoma kwenye uma, ndo akalaza samaki. Na baada ya hapo hakumgusa. Mimi nyumbani nageuza geuza kila dakika, yeye alikaa tu anaongea na jirani yake habari za mtoto wa shule, mpaka ngozi yenyewe ikajiachia, akamgeuza mara moja, mzima, bila kuacha hata kipande cha ngozi kwenye wavu. Kuchoma 3,000. Jumla 18,000 samaki wawili, na mmoja nilimfungasha wa jioni.

Nilikula na parachichi nililokua nimebeba kwenye pochi na ndimu ya yule mama. Ngozi imekakamaa kama bisi, nyama ndani bado ina maji yake, utamu wa bahari wenyewe bila kitu cha kuuziba. Kwa wiki hiyo nilirudi kwake mara tatu.

Supu za asubuhi nazo ni mkombozi, sijui kwa nini watu wa daieti hawazitaji. Mtaani karibu na hoteli kuna banda wanauza supu ya mbuzi na ya kuku wa kienyeji kuanzia saa kumi na mbili, mifupa imechemka usiku kucha, chumvi, tangawizi, ndimu na pilipili unajiwekea mwenyewe. Watu wote wanakula na chapati, wewe sema nipe na ndizi za kuchoma mbili au ndizi za kuchemsha, zipo. Cha kuuliza hapo ni kimoja, hivi vile viungo vya pakiti vya unga unga mnatia? Maana pakiti hizo ukisoma nyuma unakuta wanga na sukari. Banda hilo hawatii kwenye ya mbuzi, kwenye ya kuku wanatia, mama mwenyewe alinijibu wazi bila kuona nimemtukana, nikawa nakula ya mbuzi tu. Mtori nao ni mzuri, ni ndizi na nyama, ila kuna wanaomalizia na maziwa au siagi ya kopo, kwa hiyo uliza kabla hujakaa.

Jioni moja tulienda Coco Beach. Kule umaarufu ni mihogo ya kukaanga, lakini ipo pia inayochomwa kwenye mkaa, inapasuliwa katikati wanapaka chumvi na pilipili na ndimu, huo ndo wako. Mishikaki ndo uwe makini, nyama nzuri lakini kinachoroweka nyama kinatofautiana banda kwa banda. Wa kwanza niliyemuuliza alisema papai bichi, tangawizi na soya sosi. Soya ni kunde, na sosi yenyewe huwa ina ngano. Wa pili alisema papai bichi, swaumu, ndimu na chumvi, lakini wakati wa kuchoma ana brashi na kikopo cha mafuta, nikamwambia kaka yangu usipake, akasema sawa sista ila itachelewa kidogo. Nikasubiri. Mishikaki sita, muhogo mmoja, kachumbari bila sukari, na dafu. Yule muuza dafu, mteja akimaliza kunywa analipasua, anachonga kijiko kutoka kwenye ganda lile lile la dafu anakupa ukombe utando wa ndani, laini kama ute wa yai, mimi hicho ndo kitindamlo changu cha safari nzima na sijaona hoteli inayokishinda.

Pweza vile vile. Jioni jioni Kariakoo na Magomeni wapo vijana na meza zao ndogo, pweza wa kuchemsha wanamkata vipande unachoma na kijiti, supu yake kwenye kikombe. Hapo karibu kila kitu ni salama kwako, ila wengine baada ya kuchemsha wanampitisha kwenye mafuta, sema unataka wa kuchemsha tu.

Kuna mwenzangu kazini aliniambia pale Coco, lakini hii paleo si mambo ya wazungu. Nilimjibu na naandika hapa nilichomjibu. Ni kweli walioipa jina ni wao, mwaka 1985 madaktari Boyd Eaton na Melvin Konner waliandika kwenye jarida la tiba la Marekani kuhusu chakula cha binadamu kabla ya kilimo, na toka hapo ikawa biashara ya vitabu na vyakula vya pakiti. Lakini Wahadzabe wako pale Ziwa Eyasi, nchi hii hii, wanawinda, wanachimba mizizi, wanakula ubuyu na asali ya porini, na watafiti wanatoka mbali kuja kuwaangalia wanakula nini. Sisi ubuyu tunaukuta barabarani umepakwa rangi nyekundu na sukari. Sisemi kila mtu aache ugali, bibi yangu ugali wake wa mtama na mlenda siwezi kuusema vibaya hata siku moja. Nasema tu kwamba samaki kwenye mkaa, muhogo, dafu, supu ya mifupa, hivyo vyote vilikuwepo kule pwani kabla hajaja mtu kutuuzia daieti, kwa hiyo usiogope kwenda Dar ukadhani lazima ukae kwenye mikahawa ya Masaki ya hela nyingi ndo ule vizuri.

Hesabu yangu, ukitoa ule mchana wa 32,000, nilikua natumia kama 20,000 mpaka 25,000 kwa siku, na kuna siku mbili nilitumia chini ya hapo kwa sababu ya samaki wa kufungasha. Beba vitu vitatu, ndimu, chumvi na parachichi. Beba na noti ndogo ndogo, Feri na kwenye meza za pweza chenji ni shida.

Kitu kimoja tu sikukipata ni mboga za majani. Kila mchicha niliouona ulikua wa karanga au unaelea kwenye mafuta, matembele hivyo hivyo, kisamvu kina karanga, nikaishia kula kachumbari siku tano na matango ya kununua sokoni. Yule mama wa Feri alisema nikimpigia siku moja kabla atanichemshia matembele na nazi aliyoikuna mwenyewe, lakini siku hiyo ilikua Ijumaa na treni yangu ilikua jioni. Narudi Dar mwezi wa pili kwa wiki nzima. Mwenye kumjua mama ntilie maeneo ya Posta, Kisutu au Kariakoo anayepika majani kwa nazi ya kukuna au kwa maji na chumvi tu, bila karanga, naomba aniambie yuko mtaa gani na anafungua saa ngapi.