Galaxy S25: kabla hujainunua angalia kwanza umeshika simu gani

Wakuu, kila simu mpya ikitoka rivyu zinakuwa zilezile, S25 ya Samsung dhidi ya S24, S24 dhidi ya S23, halafu mwisho mtu anaandika "haina jipya" au "ni moto" na wote wanaondoka. Sasa jamani ni wangapi wanaonunua hivo? Wapo wanaobadilisha kila mwaka na hela ni yao, sina neno, ila watu wengi ninaowafahamu wanakaa na simu miaka mitatu, minne, wengine mitano, mpaka kitu fulani kianze kuwakera kila siku ndo wanaanza kuulizia bei. Mtu wa namna hiyo ukimwambia S25 imeizidi S24 kidogo hujamsaidia kitu. Mi nimetoka S21 ya 2021 nikahamia S25 ya 2025, hii ya kawaida ya inchi 6.2, siyo Plus wala Ultra, kwa hiyo nimeruka matoleo matatu katikati na nitaipima kwa jicho hilo, halafu nitawagusa na wenye S22, S23 na S24 maana jibu lao ni tofauti kabisa na langu.

Mkononi kwanza. Ukubwa wa kioo ni uleule wa S21, uzito umeshuka, sa hivi ni gramu 162 na S21 ilikuwa 169. Kwa kuandika inaonekana kitu kidogo ila ukishalala unasoma simu umeiinua juu ya uso unaielewa. Mgongo ni wa kioo badala ya plastiki ya S21, unapendeza, unateleza pia, kava ni lazima. Kingo zimenyooka bapa, kuna watu hawapendi, mi nimezoea haraka. Kwa mtu anayetaka simu ndogo inayoingia mfukoni bila kuchomoza, chaguo zimebaki chache sana siku hizi, na hapo S25 naipa maksi zote kabisa.

Kioo ndo kilinishtua. S21 mwisho wake wa mwanga ulikuwa niti 1300 (niti ni kipimo cha ung'avu wa kioo), hii inafika 2600, mara mbili. Yani ukiwa nje juani mchana hukingi mkono juu ya simu ili usome meseji. Mwenye S24 anayo hii tayari maana namba ni hiyohiyo, mwenye S23 yuko 1750 kwa hiyo hateseki sana, ila wa S21 na S22 (wote 1300) wataiona siku ya kwanza tu bila kuambiwa.

Spidi sasa. Ndani kuna chipu ya Snapdragon 8 Elite na RAM ya GB 12, S21 mpaka S24 za kawaida zote zilikaa kwenye GB 8. Safari hii Samsung imetumia Snapdragon dunia nzima, tofauti na S24 ambayo masoko mengi yalipewa Exynos 2400, chipu ya Samsung wenyewe, kwa hiyo lile jambo la kuulizana "ya kwako ni ya wapi" kabla ya kununua limeisha na nashukuru. Sasa kwa ukweli kabisa, kuchati, kuangalia video, kupiga simu, S21 inafanya vyote hivo vizuri tu. Tofauti naiona kwenye kamera, bonyeza mara mbili imeshafunguka na picha imeshapigwa, na kwenye kuruka kutoka programu moja kwenda nyingine unarudi unakuta kila kitu pale ulipokiacha, haianzi upya. Anayecheza gemu nzito atafurahi zaidi. Asiyecheza, na ana S23 au S24, asinunue kwa sababu ya chipu, hataisikia.

Kamera nataka nikae nayo kidogo maana ndo inayowauzia watu simu kuliko kitu kingine chochote. Angalia hizi namba: S22 kamera kuu megapikseli 50, pana 12, ya zumu 10 yenye mara 3. S23 hivohivo. S24 hivohivo. S25 hivohivo! Miaka minne mfululizo seti ya nyuma kwenye karatasi haijasogea. Sisemi picha ni zilezile, hapana, uchakataji umeboreka, video za usiku zimetulia zaidi na chenga zimepungua, rangi ya ngozi nayo inatoka ya kweli zaidi, ila hayo ni maboresho unayaona ukiziweka picha mbili pembeni pembeni ukazikuza. Mtu wa S22 akinunua S25 kwa ajili ya picha za mchana atakaa wiki nzima anatafuta tofauti. Kwangu mimi wa S21 ni hadithi nyingine, kamera kuu yangu ilikuwa ya megapikseli 12, na zumu ilikuwa ni ya kukata katikati ya picha ya megapikseli 64 ikaitwa mara 3, sa hivi nina lenzi ya zumu kweli kweli, na kumpiga mtu picha ya uso kutoka mbali kidogo inatoka safi kuliko nilivyotegemea. Ya selfi imetoka 10 kwenda 12, S23 walishaipata.

Betri. Hapa sijafurahi na nitasema wazi. S21 ilikuwa na mAh 4000 (mAh ndo kipimo cha chaji betri inayobeba). S22 wakashusha hadi 3700, S23 wakapandisha 3900, S24 wakarudi 4000, S25 imebaki 4000. Yani ukiruka kutoka 2021 hadi 2025 umetua palepale! Na kuchaji ni wati 25 kama S21, hawajaongeza hata moja, wakati OnePlus 13 imeingia na betri ya 6000 na chaji ya haraka mno. Najua simu ile ni kubwa na hii ni ndogo, nalielewa hilo, ila miaka minne ni mingi. Kinachookoa ni chipu mpya haili chaji sana, kwa hiyo kwa matumizi ya kawaida siku inaisha bado kuna akiba, na mtu wa S22 ya 3700 ndo atakayeshukuru kuliko wote.

Sasa hapohapo kwenye betri kuna jambo linalowafanya watu wengi wanunue simu mpya bila kujua kwamba ndo sababu. Betri za lithiamu zinachoka zenyewe, kila ukichaji na kutumia kemikali ndani zinabadilika na uwezo wa kubeba unapungua, simu yoyote ya miaka minne hata uitunze vipi haibebi chaji kama ilivyotoka kiwandani, na ikishakuwa hivo mtu anaona simu yote imekufa wakati kilichokufa ni kitu kimoja kinachobadilishika. Ushahidi mzuri ni wa Apple wenyewe, Desemba 2017 walikiri kwamba iPhone zenye betri zilizochoka zilikuwa zinapunguzwa spidi na mfumo ili zisizime ghafla, watu wakawaka, mwaka 2018 wakashusha bei ya kubadilisha betri zaidi ya nusu. Kilichotokea? Januari 2019 Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, kwenye barua yake kwa wawekezaji akaeleza kwa nini mauzo ya iPhone yamekuwa chini ya matarajio, na moja ya sababu alizozitaja ni hiyo, baadhi ya watu wametumia nafasi ya betri za bei nafuu. Watu waliweka betri mpya, simu ikafufuka, wakaendelea na maisha! Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya S25 jiulize kama shida yako ni betri tu, kama ni hivo nenda kwa fundi anayeaminika mwenye betri halisi, weka mpya, na urudi kwenye mada hii mwakani. Na Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 kuna sheria inayotaka betri ya simu mpya ivumilie angalau mizunguko 800 ya kuchaji ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo, sheria nzuri kabisa, natamani kila mahali wangekuwa nayo.

AI nayo. Walivyoitangaza S24 Januari 2024 mkazo wote ulikuwa Galaxy AI, kutafsiri maongezi ya simu papo hapo, kuzungushia kitu kidole na kukitafuta, kufuta watu kwenye picha, na najua watu walioacha S23 nzuri kabisa kwa sababu ya hayo. Haikupita muda, mwisho wa Machi mwaka huohuo, vingi kati ya hivo vikashushwa kwenye S23 kwa apdeti ya bure ya One UI 6.1 (One UI ni mfumo wa Samsung uliojengwa juu ya Android), na S22 nao wakafikiwa baadaye. S25 ikaja na One UI 7, ile Now Bar ya chini ya kioo na kile cha kufuta kelele kwenye video, napenda sana hicho cha kelele, nimekitumia kwenye video zenye upepo na kinafanya kazi kweli, ila Aprili 2025 wenye S24 nao walikipata. Kwa hiyo kitu kikiwa ni programu usikikimbilie, subiri, kuna uwezekano mkubwa kitakufuata mpaka ulipo. Kinachohitaji chuma, yani kioo, lenzi, RAM, hicho ndo hakishuki na apdeti.

Ila kuna upande mmoja wa programu ambao ndo ulioniamulia mimi, nao ni muda wa kuhudumiwa. S21 ilitoka na Android 11 na safari yake ya matoleo makubwa imeishia Android 15, na apdeti zake za usalama zilipangwa kwa miaka mitano tu toka 2021. Mtu anayefanya mambo ya benki kwenye simu asilichukulie hilo kirahisi. S22 mwisho wake ni Android 16, S23 ni 17. S25 imeanza na Android 15 na imeahidiwa miaka saba, matoleo saba, inafika 2032. Google ndo walianza na miaka saba kwa simu yao ya Pixel 8 Oktoba 2023, Samsung wakafuata na S24, na naona hii ndo habari kubwa kuliko kamera zote walizotangaza humo katikati, kwa sababu inabadilisha hesabu ya mnunuzi, bei ya simu ukiigawa kwa miaka saba siyo bei ileile ukiigawa kwa miwili.

Na kwa hilo sishangai mahitaji yalivyotulia. Kwa makadirio ya IDC, kampuni ya utafiti wa soko, simu janja zilizosafirishwa duniani mwaka 2016 zilikuwa takriban bilioni 1.47, mwaka 2023 zilikuwa bilioni 1.17. Watu hawajaacha kutumia simu, wanazishika muda mrefu tu, maana kile kinachowatoa watu nyumbani ni badiliko linaloonekana kwa macho. 2014 iPhone 6 na 6 Plus ziliuzwa zaidi ya milioni 10 wikiendi ya kwanza, kwa nini? Vioo vikubwa, watu wa iPhone walikuwa wamekaa na vidogo miaka yote huku wanaona wenzao wa Android. S25 haina kitu kama hicho na wala haijifanyi kuwa nacho.

Hukumu yangu basi. Una S24, kaa nayo, hata kama duka linakupigia kila siku kwamba leta ya zamani uongeze kidogo, hicho "kidogo" ukikijumlisha kila mwaka ni simu nzima nyingine. Una S23, simu yako bado ni nzuri mno na ina apdeti, badilisha tu kama imevunjika au kama unalazimika. S22 hapo ndo pagumu, kama betri inakukera weka mpya kwanza uone, kama na joto nalo linakusumbua hapo S25 itakupa ahueni ya kweli. S21 kushuka chini, au mtu anayetoka kwenye simu ya bei ya chini ambayo imeshaanza kuganda, nunua bila wasiwasi, karibu kila sehemu utaona umepiga hatua isipokuwa ukubwa wa betri na spidi ya kuchaji.

Na ukiinunua, tafadhali usichukue ya GB 128. Memori kadi waliitoa tangu S21 na haijarudi, simu unakaa nayo mpaka 2032, video zinazidi kuwa nzito kila mwaka, picha za magrupu zinajaa zenyewe bila kuulizwa, na storeji ikishajaa simu inaanza kukuudhi hata kama chipu ina nguvu za ajabu. Oda za mapema, ambapo mara nyingi wanakupa storeji kubwa kwa bei ya ndogo, kwa S25 zilishapita, kwa hiyo kama hujaamua subiri miezi kadhaa maana bei za Android zinashuka haraka, halafu tofauti ya bei uiweke kwenye GB 256.