Mbuzi wao mtamu, ila picha msinunulie pale

Naanza na hasira kwa sababu ndiyo niliyonayo. Picha niliyoilipia shilingi 150,000 nimeikuta imebandikwa tangazo: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. HATUKOPESHI. Limebandikwa kwa ile seloteipu ya kahawia ya kufungia maboksi, na wala halikuwekwa pembeni ya picha. Limekaa juu yake kabisa, kwenye nyuso za akina mama wawili.

Jina la mgahawa sitalitaja. Wa Area D mnaujua, na ambao hamuujui fuateni moshi wa nyama saa kumi na mbili jioni.

Mimi ni mmoja wa watumishi tuliokuja Dodoma serikali ilipohamia huku. Nyumba niliyopata Kisasa ina kuta nyeupe kama wodi, na kwa muda mrefu kilichoning'inia sebuleni kilikuwa kalenda ya benki. Basi mgahawa ulipoanza kutundika kazi za wachoraji wa hapa hapa, nilifurahi kuliko hata walioalikwa kwenye uzinduzi. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Kila picha ina kikaratasi chenye bei na jina la mchoraji, ukiipenda unalipa kaunta, mgahawa unabaki na asilimia 30 na zilizobaki ni za msanii. Nani atapinga hilo? Dar, mtu anayetaka picha anajua kuna Oysterbay wanakochora Tingatinga. Huku mchoraji anaweza kungoja Nanenane ya Nzuguni ifike, na hata hapo amewekwa katikati ya trekta na vifaranga.

Niliyoipenda mimi ilikuwa ya ngoma ya muheme. Akina mama wa Kigogo wamebana ngoma mapajani, nyuma yao mbuyu, lakini kijana aliwachora kwa mtindo wa michoro ya kale ya miambani ya Kolo, kule Kondoa: miili mirefu, myembamba, rangi ile nyekundu ya udongo. Jirani wa meza yangu aliuliza tembo yuko wapi. Nikasema hii ndiyo nachukua. Nililipa palepale kwa lipa namba, ila wakaniomba iendelee kukaa ukutani mpaka maonyesho yaishe. Nikakubali. Ustaarabu wangu huo ndio ulioniponza.

Muda ukapita, miezi miwili hivi. Shemeji yangu akaja kutoka Dar na treni ya mwendokasi, na tangu anashuka stesheni ni maneno tu: vumbi, upepo, mji wenu hauna hata bahari. Nikamwambia twende nikakuonyeshe kitu. Njia nzima namweleza picha, namweleza muheme, namweleza Kolo. Tunaingia, ukuta wa mbele una televisheni mpya, kubwa kama mlango. Picha yangu haipo. Kumbe imehamishiwa kwenye korido ya kwenda chooni, mkabala na sinki la kunawia, na tangazo lao juu.

Shemeji alisoma kwa sauti, polepole, "Kukopa harusi..." Halafu akanitazama. Alicheka mpaka akakaa.

Nikamwita dada wa kaunta. Nikamweleza kwa upole, nawahakikishieni, kwamba ile picha ni mali yangu na risiti ninayo. Akaniangalia kama mtu anayedai chenji ya jana.

"Si picha tu, kaka? Karatasi itabanduka. Gundi ikibaki tutakufutia na mafuta ya taa."

Mafuta ya taa! Ile ni rangi ya mafuta. Kwa juu unaweza kuiona imekauka, ndani inachukua miezi. Ukipitisha kitambaa chenye mafuta ya taa unaondoka na gundi, unaondoka na akina mama, unaondoka na ngoma zao. Nikaomba msimamizi. Akaja anachokonoa meno na kijiti, hakusalimia wala hakukitoa kijiti mdomoni.

"Bosi, ukuta ni wetu."

"Ukuta wenu, picha yangu."

"Sasa si ungeichukua mapema?"

Mimi niliyeombwa niiache! Michoro ya Kolo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, imevumilia mvua, jua na matambiko kwenye miamba kwa karne na karne. Ya kwangu imeshindwa na miezi miwili ya Area D.

Tulibandua wenyewe, mimi na shemeji, kwa kucha. Sehemu kubwa ilitoka salama. Kona moja rangi iling'oka na seloteipu, na shavu la mama mmoja likaondoka nayo. Nyuma ya fremu palikuwa na namba ya mchoraji, nikampigia palepale koridoni nimuulize kama inatengenezeka. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ndiye niliyenunua ile ya muheme.

Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Kumbe iliuzwa, mzee?"

Hapo ndipo nilipopandisha kweli. Miezi miwili! Kijana kila akipita kuulizia anaambiwa bado, watu wanaangalia tu. Shilingi 105,000 zake wamezikalia, na huku wamebandika juu ya kazi yake kwamba wao hawakopeshi. Nilikwenda kaunta nikasema siondoki. Msimamizi akatoa kijiti mdomoni, akapiga simu mahali, akaongea akiwa ametupa mgongo. Kijana akatumiwa 80,000 nikiwa nimesimama. Hizo 25,000 "zitafuata". Nilipomuuliza juzi hazijafuata.

Sasa haki yao niwape, maana nyingine ni hasira inaandika. Yule dada huenda alikuwa amechoka, siku hiyo palikuwa na mechi na watu wamejaa. Mwenye mgahawa simjui, naambiwa ni mtu mwema na wazo la picha lilikuwa lake. Na mama wa jikoni, aliyetoka aliposikia kelele, alinisalimu "Mbukwa", akaitazama picha, akasema yule wa kushoto anashika ngoma kama dada yake. Ndiye mtu pekee pale aliyeitazama. Halafu kuna chakula. Mbuzi wao, jamani. Laini, chumvi imepimwa, na mlenda kwa ugali wa uwele ambao shemeji, mtu wa samaki, aliongeza mara mbili huku ananicheka. Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota moja. Kwa mbuzi ni tano. Picha sifuri. Weka mbili. Hapana, hizo 25,000 za kijana zikitoka nitaweka tatu.

Mchoraji alikuja Kisasa akarudishia shavu, na hakutaka hela. Nilimlazimisha achukue nauli. Picha iko sebuleni, kalenda ya benki imehamia jikoni. Anasema kazi zake nyingine tatu bado ziko kule, hana pengine pa kuzipeleka, kwa hiyo nikisema msiende kabisa nitakuwa namuumiza yeye. Nendeni. Ukipenda picha, soma namba nyuma ya fremu, mpigie mwenyewe, na uondoke nayo siku hiyohiyo.

Nami nilirudi Jumamosi, nakiri, kwa ajili ya mbuzi. Nilipokwenda kunawa nikaona ule msumari wa picha yangu haukuachwa bure. Wametundika tangazo lao la kutokopesha, limechapwa upya, lina kioo na fremu. Fremu nzuri kuliko ya picha yangu.