Pemba kwa ndege au kwa boti?
Mie nshapanda vyote viwili basi nakwambieni. Vindege vyenyewe vingi Cessna Caravan, injini moja tu mbele, watu kama 12 hivi, ukibahatika unakaa pembeni ya rubani unaona mishale inavyocheza, na kama nusu saa toka Unguja ushashuka Chake Chake. Si mambo mageni haya, ZanAir, kampuni ya ndege ya Zanzibar, walianza 1992. Tabu mzigo, kilo 15 basi, tena kampuni moja walinipandisha mzanini mie mwenyewe mbele za watu, haya iliyoje! Boti rahisi, unabeba mpaka godoro, ila mkondo wa Pemba ukichafuka vile vifuko vyeusi vya kutapikia wanavyogawa havitoshi. Kusi likivuma mie nakata ya ndege, godoro litanifuata.